Sekunde 97

Juni 2008 Donald Trump alitua Lewis, kisiwa cha kaskazini magharibi mwa Scotland, akaenda kijiji cha Tong kuona nyumba ya kina mamake. Waandishi wa habari walimpigia saa. Alikaa ndani sekunde 97. Manze, hata chai ya rangi haichemki kwa huo muda.

Sijaleta hii stori tumcheke. Kumcheka Trump ni rahisi, na kuna watu wanakula kwa hiyo kazi. Nimeileta kwa sababu ule mjadala wa "lugha ni kifaa tu, kikichakaa tupa" umerudi tena, na wasee wangu mnaupigia makofi. Haya basi, tuangalie watu waliotupa hicho kifaa, tuone walibaki na nini mkononi.

Mary Anne MacLeod, mamake Trump, alizaliwa Tong mwaka wa 1912, kitinda mimba kwa watoto kumi. Kwao walizungumza Kigaeli. Kiingereza alikikuta shuleni. Na Lewis ya utoto wake ilikuwa kisiwa cha matanga. Usiku wa kuamkia Januari 1, 1919, meli ya Iolaire ilikuwa ikirudisha wanamaji kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Iligonga mwamba karibu kabisa na bandari ya Stornoway. Watu 201 walikufa, wengi vijana wa kisiwa hicho, wamemaliza vita salama wakaja kuzama mlangoni kwao. Aprili 1923 meli nyingine, Metagama, ikabeba vijana karibu 300 kuwapeleka Kanada, kwa sababu kazi hakuna. Kwa hivyo 1930 Mary Anne alipopanda meli kwenda New York, akiwa msichana wa kazi za nyumbani, hakuwa anatafuta maisha ya kifahari. Dada zake walikuwa wametangulia. Hiyo mnaijua: mmoja anaenda Doha, anamvuta mdogo wake, mdogo anamvuta binamu.

Mpaka hapo familia imeshikana. Mama huyo alirudi Lewis kutembea, na akifika anaongea Kigaeli na watu wake kama hajawahi kutoka. Uzi ulikatikia kwa watoto. Mwanawe ana viwanja vya gofu Scotland. Ana kila kitu cha huko isipokuwa maneno ya kumsalimia jirani wa nyanyake. Sasa mtu kama huyo akiingia kwa hiyo nyumba, akae sekunde 98 akifanya nini?

Najua utaniambia Kigaeli hakikulipa kodi ya nyumba New York. Kweli, hakikulipa. Lakini nani alisema mtoto ana nafasi ya lugha moja tu kichwani? Hapa Nairobi konda wa matatu anakutukana kwa tatu kabla hujashuka.

Tatizo halikuwa nafasi, lilikuwa aibu. Na aibu ilipandwa makusudi. Sheria ya elimu ya Scotland ya 1872 ilifanya shule kuwa lazima na haikutaja Kigaeli popote. Kuna shule ambako mtoto akinaswa anaongea lugha ya kwao alivishwa kijiti shingoni, akitembea nacho mpaka amnase mwenzake. Unacheka nini? Si ndiyo ile diski yetu? Mimi nimeivaa, darasa la nne, kwa kuomba rula kwa kimama. Nilikuwa nadhani ni ushamba wetu sisi wenyewe, kumbe kuna watoto wazungu walivishwa kabla babu yangu hajazaliwa.

Wale wa Nova Scotia, Kanada, ndio wananiuma zaidi. Meli ya Hector iliwafikisha Pictou Septemba 1773, watu karibu 200, ndui na kuhara zikiwa zimeua watoto njiani. Baada yao wakaja maelfu, wengi wakiwa wamefukuzwa kwenye mashamba ili kondoo wa tajiri wapate malisho. (Na ardhi waliyopewa huko ilikuwa ya Wami'kmaq, lakini hiyo ni posti nyingine, na nitaiandika kwa hasira.) Walibeba Kigaeli, na walibeba majina. Mtu alijitaja kwa mnyororo: fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, kama bin na binti za Pwani. Ukitaja mnyororo wako, mzee usiyemjua anakuambia nyinyi ni ndugu kupitia wapi. Mwaka wa 1890 seneta mmoja alitaka Kigaeli kipewe hadhi rasmi Kanada. Kura 42 zikamkataa, 7 zikamkubali. Lakini seneti haikuingia jikoni kwa mtu. Jikoni ni wazazi, kwa mapenzi kabisa, waliozungumza Kigaeli wao kwa wao na kumgeukia mtoto kwa Kiingereza. Ndivyo lugha inavyokufa, bila hata risasi moja.

Kilichobaki ni kitambaa. Baada ya vita vya Culloden, mwaka wa 1746, serikali ilipiga marufuku mavazi ya wale watu wa milimani. Ikaruhusu tena 1782, na Mfalme George wa Nne alipotembelea Edinburgh 1822 akavalishwa hiyo sketi yeye mwenyewe. Kitambaa rasmi cha Nova Scotia nacho kilibuniwa 1953 kwa ajili ya picha ya mchungaji kwenye maonyesho ya wafugaji wa kondoo. Kondoo, jamani! Wale wale waliowafukuza! Na leo mjukuu anakinunua kwa bei kali, anapiga picha, anaandika "asili yangu."

Hao wamisheni Waskoti waliokuja Kikuyu walilijua hili vizuri. Jina Thogoto ni neno "Scot" lililopita kwenye ulimi wa Mkikuyu. Hawakuja kuuza kitambaa. Walikaa chini wakajifunza Gĩkũyũ, kwa sababu ukitaka kuingia ndani ya mtu unapitia kwa lugha ya mamake. Walioitaka roho yako walijisumbua kuisoma lugha yako, halafu wewe wa ocha unaona ni mzigo?

Nova Scotia sasa wanahangaika kurudisha. Kuna mpango wa kuwaketisha wanaojifunza na wazee wachache waliobaki, wanapika, wanaongea, wanakosea. Watu wazima wanalipia kwa jasho kitu ambacho wangepewa bure wakinyonya.

Shosho yangu alipiga simu Jumapili. Aliongea dakika mbili, mimi nikajibu "eeh" na "sawa" kwa Kiswahili, kisha tukanyamaza wote, akasema salimia mamako. Nikaangalia simu baadaye: dakika 2, sekunde 11. Nimemshinda Trump kwa sekunde 34.

Sasa taja mnyororo wako, kwa lugha ya kwenu, bila kumpigia mathe. Mimi nilikwama kwa jina la nne.