Mheshimiwa Waziri, bonde lisipimwe kiangazi peke yake

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira, Tanzania

Mheshimiwa Waziri,

Mabonde ya Dar es Salaam hudanganya wakati wa kiangazi. Mtaalamu elekezi akija Septemba kufanya Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ataona nyasi kavu na watoto wakicheza mpira, naye ataandika "eneo kavu, tambarare". Masika yakianza, maji yanarudi kwao.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliilazimu Serikali kuwahamishia Mabwepande waathirika wa Bonde la Msimbazi. Baadaye karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa Jangwani, ndani ya bonde hilohilo, nayo ikaingiwa na maji tena na tena. Sitaki kuamini kwamba tabia ya bonde haikujulikana. Muulize yeyote anayelima mchicha pale.

Ardhioevu hutambulika hata ikiwa imekauka. Chimba shimo la nusu mita. Udongo uliolala majini muda mrefu hukosa hewa, chuma kilichomo huyeyuka na kuhama, ukabaki wa kijivu wenye madoa ya kutu, hasa kandokando ya njia za mizizi. Wakati mwingine hunuka kama yai viza. Juu yake tazama matete, mafunjo na ndago, kisha waulize wenyeji maji hufika wapi mwaka wa mvua kubwa. Kazi hii haihitaji maabara. Inahitaji jembe na mtu asiyeogopa matope.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni kinga nzuri, lakini ukizihesabu mita hizo kutoka kwenye kijito chembamba cha Septemba, sehemu kubwa ya bonde inaweza kubaki nje.

Naomba utunge kanuni: ripoti ya mradi wowote wa bondeni isipokewe bila ramani ya mpaka wa ardhioevu, picha za mashimo ya udongo na ziara ya wakati wa masika. Wenye miradi watalalamika kwamba wanacheleweshwa. Wasubiri, au watafute kiwanja cha mwinuko. Kukwepa bonde kuwe chaguo la kwanza kabla ya kuzungumzia kulijaza kifusi, maana kifusi husukumia jirani maji.

Ramani hizo zibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, ili mnunuzi wa kiwanja azione kabla hajalipa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Dar es Salaam