Raihan: Sauti na Ngoma Zilizotosha



Mwezi huu tunawaletea habari za kundi la Raihan, lililoanzishwa Malaysia mwaka 1996. Jina lao ni neno la Kiarabu lile lile lililotupa sisi mrehani, mmea wa harufu njema. Mwaka huo huo walitoa albamu yao ya kwanza, Puji-Pujian, yaani Sifa, nayo ikauzwa nakala zaidi ya 600,000.

Hawakutumia gitaa wala kinanda; walitegemea sauti zao na ngoma. Wala si wao walioanzisha kasida za kwao, ziitwazo nasyid. Nazrey Johani, sauti yao mashuhuri, alikwisha kuimba katika Nada Murni, kundi la jumuiya ya Al-Arqam iliyopigwa marufuku na serikali mwaka 1994. Walichoongeza Raihan ni ustadi: sauti zilizopangwa vyema, rekodi safi, na kampuni kubwa, Warner Music, ya kuzisambaza. Waliimba kwa Kimalay, Kiarabu na Kiingereza, na Yusuf Islam, aliyejulikana zamani kwa jina la Cat Stevens, akashirikiana nao.

Mwaka 2001 Azhari Ahmad, mmoja wa waasisi, alifariki ghafla. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Baadaye Nazrey naye akaondoka, lakini wenzao waliendelea. Makundi mengine, kama Rabbani lililoundwa mwaka 1997, nayo yalipata wasikilizaji wengi.

Kwa nini tumeyaeleza haya? Sisi wazazi wa ughaibuni twalalamika kwamba masikio ya watoto wetu yametekwa na nyimbo za redio, na dawa yetu ni kuizima. Mtoto akinyimwa bila kupewa badala yake, atakwenda kusikiliza kwa jirani. Raihan walitoa badala, tena iliyo nzuri, na vijana wakaichagua wenyewe.

Nasi tunazo kasida na dufu tulizorithi kwa wazee wetu. Tusizingoje Maulidi. Tuwafundishe watoto maneno pamoja na maana yake, tuwarekodi kwa uangalifu, na tuwaache waimbe hata kwa lugha ya nchi waliyozaliwa. Tunajua wapo ndugu wasioridhia ngoma. Kwao sauti peke yake yatosha.

Wabillahi tawfiq.