Anayelipwa kwa jembe si mvivu

Mwandishi mwenzangu ameandika kwamba ajira za muda za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF) zinalea uvivu, na kwamba fedha hizo zingefaa zaidi zikinunulia wakulima mbolea. Nadhani hakusoma masharti. Katika Mpango wa TASAF wa Kunusuru Kaya Masikini, ujira wa ajira hizo ni wa aliyefanya kazi: kuchimba lambo, kulima barabara ya kijiji, kupanda miti. Siku zenyewe hazizidi 60 kwa mwaka. Uvivu gani huo?

Kazi hizo zimekusudiwa miezi ambayo ghala ni tupu na mahindi hayajakomaa. Bila ujira huo, mama hukimbilia kibarua cha kupalilia shamba la jirani, lake likamezwa na magugu. Mwingine huuza mbuzi kwa bei ya kutupa, au mahindi yangali shambani. Njaa ya mwakani huanzia hapo, na mbolea ya ruzuku haiizuii, kwani asiye na pesa hawezi kuchangia hata bei iliyopunguzwa.

Ethiopia imekuwa na mpango wa aina hii tangu 2005. Walengwa wake hujenga matuta na kurudisha uoto milimani.

Yako malambo yanayojaa mchanga na malipo yanayochelewa, sikatai. Dawa yake ni kumweka fundi asimamie na kulipa kwa wakati. Anayetaka kufuta ajira hizo atuambie kwanza kaya hizo zitakula nini Februari.