Kwezi, kozi na shimo la zamani

Wandugu wasomaji, na ninyi vijana zaidi, mwezi huu tuangalie ndege. Mutu anaweza kusema: «Muchungaji, sisi watu wa migodi tunatafuta chakula, ndege watatusaidia nini?» Mungoje kidogo.

Kwezi munamujua. Wetu huku anangaa rangi ya bulu. Yule wa Ulaya ni mweusi mwenyi madoa, uzito wake gramu 80 hivi. Mu Uingereza, mu jimbo la Somerset, karibu na muji wa Glastonbury, kuna hifadhi inayoitwa Ham Wall. Wakati wa baridi, toka mwezi wa 11 paka mwezi wa 2, kwezi wanakusanyika pale mangaribi. Watu wanasimama kimya juu ya njia ya zamani ya gari la moshi, macho juu. Kwanza vikundi vidogo, kisha mbingu inajaa: mamia ya maelfu, wanageuka pamoja kama moshi unaosukumwa na upepo.

Nani anawaongoza? Hakuna mukubwa. Wenyi elimu wa Italia walipiga kwezi picha mu Roma, na mwaka 2008 wakatangaza walichoona: kila ndege anafuata jirani zake sita ao saba tu.

Lakini adui hawakosi. Kozi anashuka toka juu, mbio kupita kilometa 300 kwa saa. Mwewe wa mabwawa anapita chini, juu ya matete. Kundi linajifunga kama ngumi, linapasuka, linajifunga tena. Kati ya wengi wanaogeuka hivyo, mwindaji anashindwa kuchagua. Anayebaki peke yake, yeye njo anakamatwa kwa urahisi.

Sasa musikie neno lenyewe: hifadhi hii ilikuwa kariere. Watu walichimba pale udongo mweusi wa mabwawa, unaotokana na majani ya miaka maelfu, wa kuwasha moto na wa kulisha bustani. Udongo ulipokwisha, mashimo yalibaki. Tangu miaka ya 1990 wakaanza kupatengeneza: wakapanga maji, wakapanda matete. Kwezi wakapata pa kulala, na kozi akafuata kwezi.

Na mashimo yetu ya Katanga? Tusidanganyane: mabaki ya shaba na kobalti yana sumu, matete peke yake hayatatosha. Lakini sheria ya migodi ya Kongo ya mwaka 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, inadai kampuni itengeneze mahali ilipochimba, na iweke feza ya zamana kwa kazi hiyo.

Basi wazazi, kampuni ikiita mukutano wa mutaa, musiulize tu juu ya kazi na barabara. Muulize pia: shimo hili likiisha, nani atalitengeneza, namna gani, na zamana iko wapi? Na ninyi vijana munaojua kusoma Kifaransa, muwasomee wazee karatasi za kampuni mbele ya siku ile.

Mutu mumoja akisimama kuuliza, ni rahisi kumunyamazisha. Kila nyumba ikienda kusemezana na nyumba saba za jirani, mutaa muzima utauliza kwa sauti moja.