Njia Itengwe Kabla ya Lami

Kuna kauli inayorudiwa katika mikutano ya vijiji huku milimani Usambara mpaka imekuwa kama sheria: barabara haipangwi kabla fedha hazijaonekana. Mwananchi wa Mgwashi, kata iliyo chini ya Halmashauri ya Bumbuli, akisimama kuuliza barabara ya wajukuu wake itapita wapi, anajibiwa kwamba halmashauri haina fedha, kwamba TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ina bajeti finyu, na kwamba zamu ya lami ikifika wahandisi watakuja wenyewe na ramani yao. Wanaosema hivyo hudhani wametoa jibu la busara, la mtu asiyetaka kuahidi asichoweza kutimiza. Ni jibu la hasara, na kwa kata kama Mgwashi ndilo jibu ghali kuliko yote ambayo kiongozi anaweza kumpa mwananchi wake. Uhaba wa fedha ndiyo sababu kubwa ya kupanga mapema. Mwenye nacho anaweza kuchelewa kwa sababu ana uwezo wa kulipia kuchelewa kwake. Halmashauri ya Bumbuli haina uwezo huo, na kila mwaka inaoahirisha inajiandikia deni ambalo halionekani kwenye vitabu vya mweka hazina.

Chanzo cha upofu huu ni kuchanganya kazi mbili, kujenga barabara na kutenga njia yake. Kujenga ni mabilioni: lami, makalvati, madaraja, mitaro ya mawe, kuta za kuzuia udongo usiporomoke. Kutenga njia ni mpima ardhi na vifaa vyake kwa wiki kadhaa, bikoni za zege zinazosimikwa kando ya mstari, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye saini na muhuri, na ramani inayohifadhiwa ofisi ya ardhi ya wilaya na nakala yake kwa mtendaji wa kijiji. Gharama hizo mbili hazifanani hata kidogo, lakini tumekubali ukubwa wa ile ya kwanza uwe kisingizio cha kutofanya ya pili.

Na milimani kisingizio hicho kinaumiza kuliko mahali pengine popote. Kwenye tambarare ya Mombo au Mkomazi barabara ikikuta nyumba inaweza kukwepa. Mgwashi haina pa kukwepea. Barabara ya gari inahitaji mwinuko ambao Fuso lililosheheni kabichi na viazi linaweza kuupanda wakati wa masika, na kuushuka bila breki kushika moto. Mwinuko wa namna hiyo hupatikana sehemu chache tu: juu ya migongo ya vilima, kwenye mabega ya mlima, na kwenye yale mapengo ambapo bonde moja hukutana na jingine. Sehemu hizo hizo ndizo mtu mwenye akili huchagua kujenga nyumba, kwa sababu ni bapa, hazituamishi maji na hazimeguki. Kwa hiyo kila nyumba mpya ya tofali inayosimama kwenye mgongo wa kilima, ikijengwa kwa nia njema na mtu ambaye hakuna aliyemwonya, inaziba mahali ambapo barabara ingepita. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni bado inafuata, kwa sehemu kubwa, korongo lililochaguliwa enzi za Wajerumani, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Waliochagua walichagua kwa maslahi yao, kufikisha mali kwenye reli iliyowasili Mombo mwaka 1905, si kwa maslahi ya Washambaa, wenyeji wa milima hii. Lakini hilo linaonyesha jinsi mlima unavyokuwa na njia chache, na jinsi njia ikishachaguliwa inavyodumu kuliko utawala ulioichagua.

Sasa tuhesabu. Kanuni za mwaka 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi zinaeleza fidia inajumlisha nini pale serikali inapotwaa ardhi ya mtu. Kuna thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo. Kuna posho ya usumbufu. Kukiwa na nyumba kunaongezeka posho ya makazi, ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36, na posho ya usafiri wa kuhamisha mizigo. Kukiwa na duka kunaongezeka fidia ya faida iliyopotea. Fuata orodha hiyo kipengele kwa kipengele na utaona kwamba ardhi yenyewe, ile ambayo barabara inaihitaji, mara nyingi ndiyo sehemu ndogo ya hesabu. Kinachopandisha bili ni nyumba, pango, mizigo na duka, yaani vitu ambavyo havikuwepo siku njia ilipopaswa kutengwa na ambavyo visingekuwepo kama ingetengwa. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeongeza uzito: fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inaanza kuzaa riba, na uthamini ukipitisha miaka miwili bila malipo unakufa, kazi inaanza upya. Shamba la maharagwe linathaminiwa asubuhi moja. Kijiji kizima kilichojipanga juu ya mgongo wa kilima kinahitaji miezi, kinazaa malalamiko na kesi, na mara nyingi ndicho kinachofanya fedha za mradi, zikija, zielekezwe wilaya nyingine ambako njia ni nyeupe.

Anayedhani ninatia chumvi akumbuke Kimara, jijini Dar es Salaam. Mwaka 2017 zaidi ya nyumba elfu moja zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, kupisha upanuzi. Hifadhi ya barabara pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati, na serikali ilisema mpaka huo upo kisheria tangu zamani. Sawa, ulikuwepo kwenye makaratasi. Ardhini watu waliuziana viwanja, wakajenga, wakaunganishiwa umeme na maji, wakazeeka humo. Mpaka ambao haukusimikwa bikoni, haukutangazwa na haukulindwa mwaka hadi mwaka ni mtego waliotegewa wananchi. Ndiyo maana sisemi halmashauri itunge sheria kisha ilale. Nasema isimike, itangaze, ilinde. Na huko mijini serikali inaendelea kulipa gharama ya uzembe huo huo kupitia urasimishaji wa makazi holela, ambapo wapimaji wanazunguka wakiwabembeleza majirani wamege mita moja moja ili gari la zimamoto lipate kupita. Miji mingine ilikwisha kuliona jambo hili zamani. New York ya mwaka 1811, ikiwa na watu wasiofika laki moja waliobanana ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan, ilichorewa mitaa hadi mtaa wa 155, ikipita juu ya mashamba na miamba. Hakuna aliyekuwa na fedha za kuijenga yote siku ile, na hakuna aliyesema isichorwe kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo huja jibu ambalo viongozi wa halmashauri wanalipenda zaidi: barabara siyo zetu tena, ni za TARURA. Ni kweli kwamba tangu Julai 2017 barabara za wilaya zilihamishiwa wakala huo, na kwamba barabara za mkoa ziko chini ya wakala mwingine, TANROADS. Lakini ardhi haikuhamishwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi yake, wilaya ikisaidia. TARURA inasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000 nchi nzima, sehemu kubwa ikiwa ya udongo. Kwa miaka kadhaa ilipewa asilimia 30 ya Mfuko wa Barabara huku TANROADS ikichukua 70, na fedha za mfuko huo kisheria zinakwenda kwanza kwenye matengenezo. Hata ile shilingi 100 iliyoongezwa kwa kila lita ya mafuta mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za vijijini haitoshi kwa mtandao mkubwa hivyo. Wakala wenye mzigo huo hautakaa Mgwashi kufikiria barabara ya mwaka 2055. Kazi ya kufikiri hivyo ni ya diwani na wataalamu wa ardhi wa halmashauri, na kuisukumia TARURA ni kukwepa wajibu.

Wapo wanaosema, na hawa nawaheshimu zaidi, kwamba Usambara ardhi imekwisha, na kutenga njia ni kumnyang'anya mnyonge kipande alichobakiwa nacho. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 wilayani Lushoto, Bumbuli ikiwemo, na mashamba yanagawanywa kila mzee anapofariki. Hoja ni nzito, lakini inaniunga mkono. Mstari wa upana wa mita 25 unachukua hekta mbili na nusu kwa kilomita moja, kama ekari sita. Tusipotenga wenyewe, siku barabara itakapopandishwa hadhi kuwa ya mkoa tutakutana na kanuni za barabara za mwaka 2009 zinazotaka mita 60, yaani ekari karibu 15 kwa kilomita, na juu ya mgongo mwembamba wa kilima hiyo ni kijiji chote. Halmashauri yenye mpango wake mkononi inaweza kwenda wizarani mapema kudai upana unaolingana na mlima. Isiyo na mpango hupokea alama za X za bomoabomoa ukutani. Isitoshe, njia iliyotengwa inaendelea kulimwa. Mahindi, maharagwe na viazi vinapandwa na kuvunwa humo kwa miaka 20 au 30 bila kumzuia mtu. Kinachokatazwa ni nyumba ya kudumu, kaburi na zao la kudumu kama chai, na pale chai ilipokwishapandwa, mwenye shamba alipwe.

Wazee wanaweza kukumbusha kwamba waliwahi kupangiwa ardhi yao wakakataa, na wana haki. Mpango wa wakoloni ulioanzia Mlalo mwaka 1946 na baadaye kuenezwa Usambara uliwalazimisha watu kuchimba matuta, nao wakaupinga mpaka ukafa. Ulikufa kwa sababu uliamuliwa na mabwana shamba wa serikali na kutekelezwa kwa vitisho na faini. Njia ninayoizungumzia inaamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, na wanaoujua mlima, wanaojua ni wapi udongo humeguka na ni wapi chemchemi hufumuka wakati wa masika, ndio watakaomwonyesha mpima pa kupita.

Jibu la mwisho ninalolisikia, kwamba ya kesho anayajua Mungu, silikubali kabisa. Wanaolitoa wamepanda mikaratusi watakayoivuna wajukuu, na wamewanunulia watoto wachanga viwanja. Kwenye mali zao wanapanga miaka 30 mbele, na kwenye mali ya umma wanamwachia Mungu. Mkulima wa chai anayajua matokeo ya tabia hiyo kuliko mtu yeyote. Kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 kwa mgogoro, majani yakabaki mashambani. Ni jambo jingine, lakini mzizi ni ule ule: viongozi wanangoja tatizo liive ndipo waite kikao.

Fedha za kutenga njia zipo, kama zinatafutwa kwa ukubwa wake halisi. Ushuru wa mazao, hata baada ya kushushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, bado unatoka kwa wakulima hawa hawa ambao mboga zao huozea njiani mvua zikikolea. Sehemu ndogo ya ushuru huo ifungiwe hesabu yake kila mwaka, isiguswe kwa posho wala mafuta ya magari, itumike kulipa wapima na bikoni, na kufidia kwanza yale mapengo ya mlima yasiyo na mbadala, maana likizibwa pengo moja barabara yote imekufa. Bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai huandaliwa miezi mingi kabla, na Baraza la Madiwani ndilo linaloipitisha. Diwani wa Mgwashi na wenzake wa kata jirani wakiingia kikao hicho na mihtasari ya vijiji vyao mkononi, ikionyesha mstari ulikubaliwa wapi na nani, mkurugenzi hatakuwa na sababu ya kuwaambia wasubiri lami. Wananchi nao, kwenye mkutano ujao, wamuulize kila anayewaahidi lami swali moja kabla ya kumpigia makofi: bikoni ziko wapi?