HESHIMA YA WALIOTOA MOYO

Wahenga wetu waliposema kutoa ni moyo usambe ni utajiri, hapana hata mmoja wao aliyedhani kwamba itafika siku moyo wenyewe utatolewa kifuani mwa marehemu na kutiwa kifuani mwa mtu aliye hai. Siku hiyo ilifika tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur, mjini Cape Town, Afrika ya Kusini. Dunia nzima ililijua jina la daktari, Christiaan Barnard, na jina la mgonjwa, Louis Washkansky, aliyeishi siku 18 na moyo ule kabla ya kufa kwa ugonjwa wa mapafu. Ni wachache walioshika jina la binti aliyeutoa, na wachache zaidi jina la baba yake. Leo twapenda kusema habari za watoaji na jamaa zao.

Siku iliyotangulia, Jumamosi, jamaa ya Darvall walikuwa wakienda kunywa chai kwa rafiki zao. Wakasimama njiani, mtaa wa Observatory, ili kununua keki. Mama na binti walipokuwa wakivuka barabara kurudi, wakagongwa na motokaa. Mama akafa pale pale. Binti, Denise, mwenye umri wa miaka 25, alifikishwa hospitali akiwa ameumia kichwa vibaya, na madaktari wakaona kwamba hapana tena la kufanya. Ndipo wakamwendea baba, Edward Darvall, mtu ambaye alasiri ile ile alikuwa amefiwa na mke, wakamwomba moyo wa mwanawe.

Alifikiri kwa dakika 4. Baadaye alieleza kwamba aliikumbuka keki ambayo Denise alimtengenezea siku ya kuzaliwa kwake, na vazi la nyumbani alilomnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Kisha akajibu kwamba ikiwa hawawezi kumwokoa binti yake, basi wajaribu kumwokoa yule mgonjwa. Ndugu msomaji, wewe mwenye mtoto, zipime dakika hizo 4. Upasuaji ni kazi ya ustadi na ustadi hufundishwa shuleni, lakini jibu la mzee yule halifundishwi na chuo cho chote. Alikubali hata figo ya bintiye ipewe mtoto wa miaka 10, mmoja wa wale ambao sheria ya Makaburu ya mwaka 1950 iliwaandikisha kwa jina la Machotara. Wako Wazungu wa nchi ile waliochukizwa na jambo hilo kuliko kifo chenyewe.

Haikupita hata mwezi mmoja, mambo yakageuka. Siku ya Mwaka Mpya wa 1968, Clive Haupt, kijana wa miaka 24, Chotara kwa hesabu ya serikali ile, alianguka akiwa pwani kwa kupasuka mshipa wa ubongo. Jamaa zake waliombwa moyo wake, nao wakakubali. Tarehe 2 Januari moyo ule ukatiwa kifuani mwa Philip Blaiberg, Mzungu, daktari wa meno, naye akaishi nao zaidi ya miezi 19.

Na tuseme wazi maana yake. Haupt alipokuwa hai, sheria ilimkataza kukaa katika mitaa ya Wazungu, kupiga kura katika daftari lao, na kuoga katika pwani zao. Siku alipokufa, moyo wake ukapata ruhusa ya hayo yote. Wale waliosema damu zisichanganyike hawakuona haya kuupokea moyo. Na jamaa waliotoa, wao walirudi nyumbani wakiwa chini ya sheria zile zile, ambazo hazikufutwa zote mpaka miaka ya tisini. Hatumlaumu Blaiberg, maana mgonjwa hutafuta uhai. Twailaumu serikali iliyojua kuomba bila kujua kuheshimu.

Mwaka 2007, miaka 40 baada ya kazi ile, katika vyumba vile vya upasuaji lilifunguliwa jumba la makumbusho, na ndani yake kikaigizwa chumba cha kulala cha Denise. Ni heshima njema. Lakini makumbusho ni ya wafu, na wenye kungoja heshima ni jamaa walio hai.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya mbali. Si ya mbali. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwezi Novemba 2017, na hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Figo zilitoka kwa jamaa walio hai: ndugu kwa ndugu, mzazi kwa mwana. Ya marehemu nayo yatafika, na yafaa tuwe tumekwisha kuyazungumza nyumbani, wakati kila mtu ana afya na anaweza kusema mwenyewe analotaka. Asiwepo mzee wa kuulizwa kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa hospitali, machozi yakimtoka.

Wazee wengi waogopa kumzika mtu aliyepungukiwa, na wengine wanong'ona kwamba daktari mwenye haja ya figo atamharakisha mgonjwa afe. Hofu hizo hazifai kuchekwa. Ya pili ina jibu: kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 zasema daktari anayethibitisha kifo asiwe yule anayekitoa wala kukipandikiza kiungo. Kanuni hizo hizo zakataza kununua na kuuza viungo, na hapo ndipo sisi wafanyakazi tunapopaswa kuwa macho zaidi. Katika nchi kadha wa kadha makabwela wameuza figo zao kwa ajili ya madeni, na tajiri akapanda ndege kwenda kuzipokea. Huko si kutoa. Ni unyonyaji ulioingia mpaka ndani ya mwili.

Basi heshima tunayoitaka si maua na hotuba tu. Mfanyakazi anayempa ndugu yake figo hulazwa, kisha hukaa majuma kadha bila kuweza kunyanyua mzigo. Akiwa mpagazi au kibarua wa ujenzi, siku hizo ni njaa kwa watoto wake. Twataka vyama vya wafanyakazi vilidai jambo hili katika mapatano yao na waajiri: mtoaji apewe likizo kamili, mshahara wake usikatwe hata senti moja, na atakaporudi aikute kazi yake ikimngoja.