Barakoa Isiyokukaa Sawasawa Haikukingi

Msomaji, ikiwa kazi yako ni kusaga mawe, kukata vigae au kusugua vyuma kwa mchanga, huenda mwajiri wako hukupa barakoa ya kuzuia vumbi. Je, kuna mtu aliyewahi kuhakikisha kwamba inakukaa sawasawa?

Kununua barakoa za saizi moja na kuwagawia wafanyakazi wote si kinga. Nyuso hazifanani. Penye mwanya, hewa hupita hapo badala ya kupita kwenye kichujio, na vumbi la mawe lisiloonekana kwa macho huingia nayo hadi ndani kabisa ya mapafu. Vumbi hilo huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba, ambao pia humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa na kifua kikuu.

Kupima si kazi ngumu. Mfanyakazi hufunikwa kichwa kwa kofia pana yenye kidirisha, na mpimaji hupulizia ndani manyunyu ya sakarini. Kwanza hufanywa bila barakoa, ili ijulikane kama anautambua utamu huo. Kisha huivaa, akapumua kawaida, akapumua kwa kina, akageuza kichwa kulia na kushoto, akakiinua na kukishusha, akazungumza na kuinama. Kila zoezi dakika moja. Akisikia utamu, barakoa inavuja. Apewe saizi au aina nyingine, apimwe tena. Marekani, sheria hutaka kipimo kirudiwe angalau kila mwaka.

Ndevu zinazofika kwenye ukingo wa barakoa hufungua njia ya vumbi. Zinyoe. Na kila uvaapo, ifunike kwa viganja, utoe pumzi. Ukihisi hewa ikitoka karibu na macho au mashavuni, bonyeza waya wa pua na urekebishe kamba. Hata hivyo, hili halichukui nafasi ya kipimo.

Mwajiri atalalamika kwamba muda wa kazi unapotea. Ni dakika kama 20 tu kwa kila mtu. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Atajuaje kwamba vinafaa bila kupima? Wafanyakazi, kupitia kamati zenu za usalama, daini kipimo hiki. Husemwa kinga ni bora kuliko tiba. Kwa silikosisi, tiba yenyewe haipo.